Kimya cha Gari la Mkia

Siku hizo gari lilikuwa haliendeshwi, lilikuwa linaombwa. Mtu aliingia, akafunga mlango, akasema "Nipeleke sokoni," kisha akaendelea kubangua karanga zake mpaka afike. Akili ilikuwa kwenye barabara yenyewe: waya ulifukiwa chini ya lami, na gari likaufuata kama ndama anavyofuata titi la mama yake. Ukiliambia litoke nje ya lami lilisimama, likakujibu kwa adabu zote kwamba huko hakuna njia. Na mahali pasipo na njia, kwa watu wa siku hizo, palikuwa kama mahali pasipo na nchi.

Ndiyo maana nusu ya mji wa Kiomboi ilitoka kuwatazama watu wanne waliochuchumaa kwenye kiwanja cha mnada, wakitoa upepo kwenye matairi ya magari manne yenye usukani.

"Sasa mnayaua," alisema muuza maandazi mmoja.

"Tunayalegeza," Mzee Shila akamjibu bila kuinua kichwa. "Tairi lililojaa linachimba. Tairi lililolegea linatambaa. Wewe ukivuka tope unakanyaga kwa kisigino au kwa wayo mzima?"

Mama wa maandazi akaitazama miguu yake kama aliyeulizwa swali la mtihani, na watu wakacheka.

Mzee Shila ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Ujana wake aliendesha malori, enzi za mwisho za madereva, na wenzake watatu alikuwa amewafundisha usukani hapo hapo kiwanjani, akiwazungusha duara baada ya duara mpaka mbuzi wa mnada wakaacha kuwakimbia. Gari lake litatangulia. La pili ni la Luhende, Mnyamwezi mmoja fundi cherehani, mnene wa mwili na wa maneno. La tatu, lenye maji na mafuta na vipuri, ni la Mwajabu, binti mwenye mikono myepesi aliyekuwa akitengeneza vyombo vya umeme. La nne, gari la mkia, ni la mama mdogo wa huyo Mwajabu, Siwema Mkumbo, ambaye wakati huo alikuwa amepiga magoti juu ya kanga iliyochakaa, akiusikiliza upepo unavyotoka kama mpishi anayesikiliza chungu.

"Limetosha, mzee wangu?" aliuliza.

Sauti haikutoka kinywani. Ilitoka kwenye ukanda mwembamba wa kijivu aliouvaa shingoni, na ilikuwa sauti nzuri, laini, ya mwanamke aliyeshiba usingizi. Muuza maandazi alishtuka kidogo, kisha akajifanya hakushtuka.

Siwema aliwahi kupasuliwa rovu, uvimbe wa shingoni. Alipona, akamshukuru Mungu na daktari, lakini mshipa wa sauti haukupona. Kilichobaki kooni kilikuwa mkwaruzo, kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Maneno mawili matatu, kisha pumzi inakata. Kwanza watu walianza kumsemesha kwa kupaza sauti, kana kwamba ni kiziwi. Halafu wakaanza kumsemesha kwa mikono. Halafu wakaacha kumsemesha. Mwajabu alikaa kwenye kibaraza cha kazi yake msimu mzima, harufu ya risasi ya kuungia nyaya haimtoki nguoni, mpaka akatoka na ule ukanda. Aliuita kijazo.

Kijazo kilisoma misuli ya koo. Kilijua neno linapotaka kuzaliwa hata kama pumzi haikutosha kulizaa. Sauti kiliipata kwenye ujumbe wa sauti na simu zote zilizohifadhiwa ambazo Siwema aliwahi kupiga kabla ya kisu: kwa ndugu, kwa wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa wenye harusi na wenye misiba. Pale alipoanza sentensi na kushindwa, kijazo kilimalizia kwa maneno ambayo yeye mwenyewe, kwa mazoea yake, angemalizia. Mara nyingi kilipatia kiasi kwamba alisahau kipo. Kila asubuhi akishauvaa, kitu cha kwanza alisema "Asante Mungu" kwa sauti, si kwa sababu Mungu hasikii moyoni, bali apate kujisikia mwenyewe.

"Ongeza kidogo," Mzee Shila alisema akiminya tairi kwa goti. "Wembere haina huruma na tairi gumu."

Wembere ni mbuga pana ya udongo mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe. Ikinywa mvua moja tu huwa kama ugali ambao haujaiva. Ng'ambo yake kipo kijiji cha Mwalunde. Waya wa barabara haukufika Mwalunde, na kwa kuwa minara ya simu ilifuata barabara, simu nayo haikufika. Habari zilivuka na wachunga ng'ombe, zikafika zimechoka. Huko ndiko alikoolewa Nyamizi, dada yake Siwema, mama aliyemzaa Mwajabu na kumleta mjini akiwa mdogo ili asome. Habari za mwisho kutoka kwa Nyamizi zilisema macho yameingia ukungu, hatambui mtu mpaka mtu aseme.

Basi Siwema hakuwa na haja nyingine duniani kuliko kuvuka mbuga ile akaseme.

*

Mchana wa siku hiyo hiyo Mzee Shila aliwakusanya kuwafundisha redio ya upepo.

"Hii si simu," alisema. "Kwenye simu mnaongea wawili. Hapa anaongea mmoja, wengine wote ni maiti mpaka aachie kidole. Unabonyeza, unavuta pumzi moja, ndipo unasema. Ukiwahi kusema, neno lako la kwanza tunalikosa, na neno la kwanza ndilo lenye jina lako."

"Na nikisahau kuachia?" Luhende aliuliza.

"Tutasikiliza tumbo lako mpaka Mwalunde."

"Mtafaidi. Tumbo langu lina busara kuliko Wanyiramba wote mliopo hapa."

"Ndiyo maana umeliachia kazi ya kufikiri," alisema Siwema, na kijazo kikaitoa kauli ile na kejeli yake yote, haikupotea hata punje. Luhende akapiga makofi. Utani wa Mnyamwezi na Mnyiramba haumfurahishi mtu kama haujibiwi.

Mzee Shila aliwaacha wacheke, kisha akainua kidole. "Kila dereva ni mlinzi wa aliye nyuma yake. Usipomwona kwenye kioo, ulizia redioni. Mkia hufichwa na vumbi, kioo hakimwoni, kwa hiyo mkia naulizia mimi mwenyewe. Akijibu tunaendelea. Na sikilizeni vizuri: asiye na sauti redioni hana gari kwenye msafara. Sitavusha mtu nisiyemsikia."

Siwema aliushika ukanda wake bila kujijua. Mwajabu alimkonyeza. Alikuwa ameshaondoa kipaza sauti cha redio ya gari la mkia, akabakiza kidude cha kubonyeza tu, akaunga waya kutoka kwenye kijazo moja kwa moja, ili sauti isipite hewani kwanza ikachafuka.

Kesho yake walitoka kwenda kufanya jaribio, nje tu ya mji, mpaka kwenye kilima chenye mawe meupe na kurudi. Chakula walikipakia kwenye gari la Siwema: kuku wa kienyeji wawili wa kukaanga, viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, na chai ndani ya chupa iliyofungwa kitambaa isigongwe.

Kuendesha kulikuwa raha. Usukani ulimtetemekea mikononi kama kitu chenye uhai, na nyasi zilipiga chini ya gari kwa mlio wa mvua ndogo. Lakini mkia hula vumbi la wote. Magari matatu yalipoteremka bondeni lilimrudia wingu zima, likamwingia kooni, koo lile lile bovu, akaanza kukohoa mpaka machozi. Kwenye machozi yale hakuliona shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa. Gurudumu la mbele lilizama, gari likainama upande, polepole, kama mzee anayejilaza, likaegemea ukingo wa korongo. Mlango wake ukabanwa na udongo. Wa upande wa pili ulikuwa juu, mzito, hauinuki.

Redio ikakoroma. "Mkia, mkia. Habari za huko?"

Alibonyeza. Alivuta pumzi moja kama alivyofundishwa, na pumzi ikageuka kikohozi. Hakutoa neno lolote. Ndipo akaisikia sauti yake mwenyewe, nzuri, laini, ikijibu kutoka shingoni:

"Salama tu, mzee wangu. Naja taratibu, msinisubiri."

"Vizuri," alisema Mzee Shila.

Siwema alibaki amekitazama kile kidude cha redio. Akakusanya nguvu, akabonyeza tena, akasukuma, "Nime," na pumzi ikakata hapo.

"Nimeona vumbi lenu," kijazo kilimalizia. "Endeleeni, nipo."

Waliendelea. Kila baada ya kitambo Mzee Shila aliuliza, na kila alipouliza yule mwanamke mzuri wa shingoni alijibu salama, tunamshukuru Mungu, poleni na kazi. Jua lilihama kutoka kioo cha mbele likaja cha ubavuni. Harufu ya petroli ilianza kuingia ndani, kidogo kidogo, kutoka kwenye dumu lake la akiba lililoanguka. Alifungua kioo mpaka mwisho na kuweka pua nje kama mbwa. Hakuwa mtu wa kuogopa upesi. Siku hiyo aliogopa, na kilichomwogopesha zaidi ya petroli ni kuwa angeweza kufa pale huku akiwaaga watu kwa furaha.

Kilichomwokoa ni njaa. Luhende, alipofika kwenye mawe meupe na kungoja, alikumbuka kuku waliko, akageuza gari bila kumwomba mtu ruhusa.

Wakamvuta kwa kamba, Mwajabu akiufukua udongo mlangoni kwa sepetu huku akilia kimya kimya, Mzee Shila akielekeza. Siwema alipotoka alisimama, vumbi limempaka kama unga.

"Pole, mtani," alisema Luhende. "Umekaa humo muda mrefu?"

Tangu mliponiacha, ndivyo alivyotaka kusema. Lilitoka "Ta," kikohozi kikaingia.

"Taratibu, mtani, ndiyo kwanza nimeingia," kijazo kilisema. "Asanteni sana kwa kuja."

Aliisikia. Alikuwa na shingo, angeweza kuitikisa kukataa. Wote watatu walikuwa wakimtazama kwa nyuso zilizojaa nafuu, na Mzee Shila alikuwa akisema, "Afadhali, binti Mkumbo, afadhali, na redio imefanya kazi vizuri sana, nimekusikia mwanzo hadi mwisho." Siwema aliifikiria Mwalunde. Hakutikisa.

*

Alfajiri hakuuvaa ukanda. Aliukunja kwenye kiganja akaenda nao kibarazani kwa Mwajabu, akauweka juu ya meza kati ya nyaya na vikombe vya chai vya jana.

"Kinasema uongo," alisema. Kwa sauti ile ya sufuria maneno mawili yalimchukua muda.

Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho, neno kwa neno, bila kumsaidia kumalizia. Alipoelewa kwamba mama yake mdogo alikuwa ndani ya korongo wakati wote ule walipokuwa wakicheka kilimani, alikaa chini kwenye kigoda na kujifunika uso.

Kisha, kwa kuwa ndiye fundi, alikifungua kijazo na kuanza kutafuta. Alizipitia sauti zote za zamani. Saa ya kunywa chai ikapita hawajanywa. Mwishowe alisema, "Mama mdogo, sikiliza," akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Siwema, ya miaka mingi nyuma. *Nzuri tu, mwanangu, tunamshukuru Mungu. Za huko? Masomo yanaendaje? Umekula? Haya, vizuri. Ila, mwanangu, baba yako ametutoka.*

Mwajabu akaizima.

"Hakijasema uongo," Mwajabu alisema. "Kinasema unavyosema. Nimetafuta kila mahali ulipoulizwa habari. Hakuna hata mahali pamoja ulipoanza na shida. Msiba, njaa, kisu cha daktari, kwanza ni salama, shida inakuja baada ya ila. Sasa kijazo kikikosa neno lako kinaanza pale unapoanzia wewe. Na kwenye redio, hiyo ila haifiki."

"Kila mtu husema hivyo," alisema Siwema.

"Kila mtu." Mwajabu alikuwa akiigusa ile mashine kwa ncha ya kidole. "Siku ile uliponipigia, nilikuwa nimesimama na sahani ya wali mkononi. Ulipofika kwenye ila nilikuwa nimeshaiweka chini. Ulinipa muda wa kuiweka chini, mama mdogo. Sijawahi kukushukuru."

Siwema alinyoosha mkono akamfuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Ninaweza kukirekebisha," Mwajabu alisema. "Nikifundishe kwamba kwenye gari, kikikosa neno, kiseme nimekwama, njooni. Safari ni keshokutwa, nitawahi. Hakuna haja ya kuwaambia. Ukiwaambia, Mzee Shila anakushusha. Unamjua. Na si wewe tu. Wapo wenzako saba wanaovaa hivi. Yule mwalimu wa Ulemo amerudi darasani kwa ajili ya hiki. Wakisikia kinabahatisha, nani ataamini kinachotoka shingoni kwake? Watoto watamcheka."

Hapo ndipo penyewe. Siwema alikaa akilipima jambo hilo kama anavyopima mtu mzigo kabla ya kuupandisha kichwani. Akisema, anaikosa Mwalunde, na mwalimu anaikosa sauti. Akinyamaza, anapata vyote, na wenzake watatu wataingia Wembere wakimtegemea mtu wa mkia ambaye hawajui ni nani anayewajibu. Kijazo kikifundishwa kusema nimekwama, kitawarudisha nyuma siku hajakwama, wakiwa katikati ya tope, na siku moja hawatarudi.

"Ukikifundisha kulia," alisema taratibu, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "atakayelia ni nani? Mwanangu. Pasipo na neno langu. Paache wazi."

"Wazi hakutakuwa na kitu. Kutakuwa na kimya tu."

"Basi, kimya. Ni changu."

*

Walikutana kiwanjani jioni ile kufunga mizigo. Luhende alikuwa juu ya gari lake akikaza kamba ya mbao za kukwamulia, akiimba. Mzee Shila alikuwa akipaka grisi. Walipomwona Siwema anakuja shingo tupu, na kovu lake lote nje, waliacha walichokuwa wakifanya.

Aliwaeleza. Ilimchukua muda mrefu, na mara mbili ilibidi aketi kwenye tairi la akiba apate pumzi. Hakuacha kitu: shimo la muhanga, petroli, zile salama zote, na pale aliposimama mbele yao akakiacha kijazo kidanganye kwa sababu alitaka kwenda kwa dada yake. Mwajabu alisimama nyuma yake, mikono kifuani, naye akasema lile lililokuwa lake.

Mzee Shila aliufuta mkono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Ilionekana wazi kwamba ameudhika, na kwamba hajui amuudhikie nani.

"Nilikuwa naizungumzisha mashine," alisema. "Nimekaa kwenye jiwe, nazungumza na mashine, nasema vizuri."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Ungeungua."

"Ndiyo."

"Nilisema asiye na sauti hana gari."

"Ulisema." Siwema alikuwa amekwisha kujiandaa. Alitoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya boneti. "Nawashukuru. Mmenifundisha usukani. Fikisheni salamu."

Mzee hakuugusa ufunguo. Luhende ndiye aliyeteremka kutoka juu ya gari, kwa kishindo, akaja akasimama kati yao akijikuna shingo.

"Mzee, jana ulipoiulizia gari yangu kule bondeni, nilikujibu nini?"

"Ulisema safi kabisa."

"Injini ilikuwa inachemka mpaka nanusa mpira. Nilisema safi kabisa, nikasimama nikaimwagia maji ya kunywa, ndipo nikawafuata. Nami sina ukanda shingoni." Akamgeukia Siwema. "Mtani, usijivune. Uongo wako si wako peke yako."

Mzee Shila akaweka tambara chini. "Kwa nini hukusema?"

"Umeuliza habari, mzee. Mtu mzima akikuuliza habari unaanzaje na injini?"

Hapo Mzee Shila alianza kucheka, kicheko kidogo kisicho na furaha nyingi, cha mtu aliyejiona kwenye kioo. Akasema kwamba yeye mwenyewe, enzi za malori, aliwahi kulala siku nzima chini ya lori lililovunjika ekseli, akamwambia tajiri yake kwenye simu kwamba mambo ni mazuri, kwanza mvua zimenyesha huku, na watoto hawajambo.

Wakaketi chini pale pale, wakatengeneza adabu mpya, na haikuwa kazi rahisi, maana kuvunja salamu kunauma kuliko kuvunja chombo. Walikubaliana kwamba redioni hakuna habari za huko. Mwenye kuulizwa anaanza na shida. Kama hana, aseme hana, na salamu zitakuja jioni, miguu ikiwa imenyooshwa. Mdogo atamwanza mkubwa kwa shida na mkubwa hatachukia. Luhende alijaribu kwa Mzee Shila, akasema, "Injini inachemka," kavu hivyo hivyo, halafu akashindwa kuvumilia akaongeza shikamoo. Walijaribu tena na tena.

Kuhusu Siwema, Mzee Shila alisema, "Kipaza sauti chake kirudishwe. Akiweza kusema atasema kwa koo lake. Asipoweza, abonyeze kidude mara mbili, tutasikia milio miwili, tutajua yupo. Na tusiposikia kitu, wote tunasimama. Papo hapo. Hata kwenye tope."

"Tutasimama mara nyingi," Mwajabu alisema. "Hatutavuka kwa siku moja."

"Tutalala mbugani."

"Mbu wa Wembere wanajulikana kwa majina," Luhende alisema. "Lakini na wale, hawajawahi kuona mwili kama huu. Wafaidi."

Siwema aliinuka. Akawashika mikono, mmoja mmoja, kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo kama wanavyofanya wanawake wa kwao wakipokea. Mzee Shila aliuchukua ufunguo kwenye boneti akamrudishia, naye akaupokea vivyo hivyo.

Siku iliyofuata Mwajabu alipanda gari la barabara akaenda kwa watu wote saba. Hakuficha. Kila kijazo alikirekebisha kiache wazi palipo wazi, na kila mwenyewe alimweleza kwa nini. Wawili walimkasirikia. Yule mwalimu wa Ulemo alikijaribu mbele yake, akaanza sentensi, ikakatika katikati, akangoja, akaimalizia mwenyewe ubaoni. "Ni sawa," aliandika. "Wakati mwingine nilikuwa najisikia nikisema mambo mazuri kuliko ninavyofikiri. Nilikuwa naanza kumwonea wivu huyo wa shingoni."

*

Walitoka jua likiwa limepanda kidogo. Watu walisimama kando ya lami kuwaaga, na magari ya barabara yalipita polepole, abiria wamebandika nyuso kwenye vioo. Gari la Mzee Shila lilifika mwisho wa lami, likashusha gurudumu moja, kisha la pili, likaingia kwenye nyasi. La Luhende likafuata, la Mwajabu, na la mwisho la Siwema. Ukanda ulikuwa umekunjwa ndani ya mkoba wake. Kipaza sauti cha zamani kilining'inia mbele yake kwa waya wake uliojiviringa.

Mbuga ilifunguka. Ilikuwa pana kuliko alivyokumbuka, nyeusi na ya manjano, na mbele yake mikia mitatu ya vumbi iliyokuwa ikienda sambamba na anga.

"Wa pili," redio ilisema.

"Sina shida," alijibu Luhende, na ilisikika jinsi anavyojizuia asiongeze neno.

"Wa tatu."

"Sina shida."

"Mkia."

Alibonyeza. Vumbi lilikuwa limeshamfikia, na koo likafunga kama mlango. Alikohoa, akakipoteza kipaza sauti, kikamdondokea miguuni. Aliushika usukani kwa mkono mmoja na kupapasa chini kwa mwingine. Redio haikusema kitu. Shingoni pake hapakusema kitu. Kwa mara ya kwanza tangu mshipa wake ukatike, kimya chake kilitoka kikaenda peke yake, hakuna aliyekijaza.

Alipoinua kichwa, mkia wa kwanza wa vumbi ulikuwa umekatika. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Mawingu yale matatu yalisimama, yakalegea, yakaanza kushuka polepole juu ya nyasi, na ndani yake magari yakaonekana moja baada ya jingine, yote yamesimama, milango imefunguliwa. Mwajabu alikuwa tayari anakimbia kuja upande wake, gauni amelikusanya mkononi.

Siwema alisimamisha gari. Aliokota kipaza sauti, akakipangusa kwa kanga, akangoja pumzi irudi mpaka akawa na ya kutosha. Akabonyeza.

"Sina shida," alisema, kwa mkwaruzo ule ule wa sufuria. "Ni vumbi tu."

"Tumekusikia, mkia," alisema Mzee Shila. "Ukiwa tayari, tuambie."

Hakuwa tayari mara moja. Alikaa akiwatazama, watu watatu katikati ya nchi isiyo na njia, wamesimama juani, hawana haraka.